Waya wa Bwana Mizani

Tarehe 3 Februari

Kwako mke wangu mdogo,

Salamu ninazo za kutosha, chota zako kwanza kabla hujawagawia wengine. Mimi mzima, kifua kizima, macho mazima, meno yaliyobaki mazima. Bibi yako yupo, goti la kushoto linamsumbua ila mdomo haujawahi kumuuma hata siku moja. Kuku mweupe katotoa, paka kala vifaranga wawili, sasa paka na bibi yako hawasemeshani. Paa la duka linavuja palepale pa siku zote, nimeweka ndoo, na ndoo nayo inavuja.

Mwandiko ni wangu mwenyewe, usije ukasema nimeandikiwa. Shule niliionja tu, unajua. Herufi nilizijua kwa kuzishika moja moja kwenye nyundo za taipureta. Wengine wanajua A inavyosomwa, mimi najua A inavyovunjika. Mji huu hakuna ofisi ambayo sikuifufulia mashine, na bado naweza kuivua taipureta nguo zote na kuivisha nikiwa nimefumba macho.

Sasa jambo lenyewe. Ile ofisi ya bima iliyokuwa mkabala na duka imefungwa, wakawa wanatupa vitu. Nikaona wanabeba kompyuta la zamani, zito, lenye kioo cha kijani. Nikawaambia weka chini. Mlinzi akacheka: "Mzee, hilo jiwe." Nikamwambia jiwe ni kichwa chako. Nimelileta dukani kwa toroli, pamoja na diski zake laini walizonipa, na nimelipa jina, Sanduku. Nimemweka mezani mkabala na Bi Mkubwa, ile taipureta yangu ya umeme uliyokuwa ukiipangusa vumbi ukitoka shule. Nilipowageuza nikakuta wote wawili wana tundu pana mgongoni, pini kwa safu mbili, sawasawa kama mapacha. Hapohapo nikajua hawa wanaweza kusemezana. Nataka mtu aandike kwa Sanduku, Bi Mkubwa achape bila kuguswa na kidole cha mtu.

Nimeshamwambia kinyozi wa jirani, na ukimwambia kinyozi umeviambia vichwa vyote vya mtaa. Kwa hiyo haiwezekani ishindikane. Wewe uko kwenye karakana ya hospitali, mnachezea nyaya kutwa, niambie waya wa kuwaunganisha unakuwaje. Si kwamba sijui. Nataka kuona kama wewe unajua.

La mwisho si kubwa. Jumapili bibi yako alikupigia, akapokea mwanaume. Bibi yako akacheka naye mpaka akafuta machozi. Nilipomuuliza ni nani akasema, "Mtu wa kazini." Kazini Jumapili? Mimi simu sikuishika, hizi simu zenu zinanong'ona kama watu wanaosengenya. Nijibu kwa barua, na huyo mtu umtaje.

Mimi mumeo wa kwanza na wa mwisho,
Babu


Tarehe 20 Februari

Shikamoo Babu,

Na Bibi mpe yake, mwambie goti alikande kwa maji ya moto asibishe. Mimi mzima. Nimehama chumba, sasa nina dirisha linalotazama ukuta, lakini jua linaingia saa ya chai na mimi huwa nipo kulipokea. Kazini mashine mbili za maabara zimelala, tunazihangaikia, na mkuu wa karakana anazunguka nyuma yetu kama tumeziua sisi.

Nimefurahi sana kwa Sanduku. Mashine hizo zinasemezana herufi moja moja, moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Kila moja ina pini ya kusemea na pini ya kusikilizia. Kwa matundu hayo ya zamani pini ya pili ni mdomo, ya tatu ni sikio, na ya saba ni ya wote wawili. Kwa hiyo ukipeleka ya pili kwa ya pili umeunganisha mdomo kwa mdomo, na masikio yamebaki yanatazamana. Lazima zivuke: ya pili ya huku iende kwa ya tatu ya kule, na ya tatu ya huku ije kwa ya pili ya kule. Ya saba ndiyo inakwenda moja kwa moja. Kwenye zile diski laini ulizopewa pamoja na Sanduku kuna programu ya kuongelea. Ukiiwasha kila unachoandika kitatoka nje kwa waya.

Haya ya kuvukisha nimekumbushwa na fundi mwenzangu, yule wa mizani. Anashughulikia mizani zote za wodini, na zile za zamani zinasema kwa nyaya za namna hiyohiyo. Amesema usihangaike, atakutengenezea waya kwa mkono wake, ana mkono mwepesi sana. Ameshaanza. Nimemwazima bisibisi ile ya mpini wa mbao uliyonipa, maana hakuna nyingine inayoingia kwenye skrubu ndogo vile, na fundi wa mizani anasema hajawahi kushika bisibisi iliyokaa vizuri mkononi kama hiyo. Anakusalimu. Anatamani siku moja aione Bi Mkubwa.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Machi

Kwako wewe,

Salamu zipo. Sisi wazima. Bibi yako mzima, goti lake zima, paka mzima. Mimi ndiye sijui.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nakutafuta wewe humo ndani. Mara ya pili nikajitafuta mimi. Mara ya tatu nikakubali yaishe, hii ni barua ya fundi wa mizani, wewe umeshika kalamu tu. Fundi wa mizani kasema, fundi wa mizani kakumbusha, fundi wa mizani ana mkono mwepesi. Umeupimia wapi huo mkono ukajua ni mwepesi? Kwenye mizani yake?

Mizani! Mwanaume mzima anaamka, ananawa uso, anakwenda kazini kuangalia mshale umesimama wapi. Taipureta ina vyuma zaidi ya elfu na kila kimoja kina tabia yake. Mizani ina sahani. Hata bibi yako anaweza kutengeneza mizani, na bibi yako hawezi kufunga mlango wa kabati.

Na bisibisi. Ile bisibisi sikukupa uwe unaazima. Nilikupa siku unaondoka, nikaitoa mfuko wa shati, mahali ilipokuwa inakaa kabla mama yako hajazaliwa. Mpini ule umeshika umbo la kiganja changu, ndiyo maana unakaa vizuri mkononi mwa kila mwizi. Mwanamke haazimi bisibisi ya mumewe. Irudishe kwa posta.

Habari ya kuvukisha nyaya nimeiweka pembeni. Tangu nijue kushika koleo sijaona chombo cha heshima chenye nyaya zilizopandana. Ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu, kila mtu na mwenzake, kama watu wanaopeana mkono. Nimetengeneza waya wangu mwenyewe, umenyooka mpaka unafurahisha macho. Kwa sasa Bi Mkubwa hajasema kitu, ni kwa sababu ya unyevu, mvua ikikata atasema. Kinyozi alikuja na mteja wake, mteja bado ana povu shavu moja.

"Mzee, ameshaongea?" kinyozi akauliza.

"Anafikiri," nikamwambia.

"Hata mkwe wangu hufikiri hivyohivyo nikimuuliza atahama lini."

Wakaondoka wanacheka. Bibi yako naye anasema nina wivu. Nimemwambia wivu wa nini, wa sahani? Akasema neno huku amegeukia sufuria, sikulishika, akakataa kulirudia.

Irudishe bisibisi.

Mumeo, kama bado unakumbuka,
Babu


Tarehe 28 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini mvua imekata na ndoo imepata mwenzake. Bibi ameniambia vifaranga wamekua, na kwamba paka amesamehewa. Mimi mzima, kazi nyingi, mashine moja imeamka na nyingine tumeizika.

Barua hii inakuja na kifurushi. Ndani yake kuna waya. Ncha zote mbili zimeandikwa, moja SANDUKU na nyingine BI MKUBWA. Umejaribiwa hapa kwenye karakana siku nzima, mashine mbili zikaongea bila kukosea. Skrubu za vichwa vyake zimeshakazwa. Usivifungue, Babu. Chomeka tu.

Sasa nataka kukwambia jambo, na nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuliandika. Huyo fundi wa mizani ndiye aliyepokea simu Jumapili ile. Ameniomba nimuoe, samahani, anioe, nimeandika kinyume. Nami namtaka. Lakini nimemwambia kwamba mama alipofariki sikuwa hata nimeota meno, nyinyi wawili ndio mlionilea, na kwetu hakuna mlango mwingine wa kubishwa ila wa duka lako. Bila neno lako siolewi. Amesema atasubiri. Anaomba aje mwezi wa sita, na mjomba wake, ajitambulishe kwako.

Bibi anajua. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemwomba akuachie nikwambie mwenyewe.

Nasubiri neno lako.

Mjukuu wako


Tarehe 17 Aprili

Kwa mjukuu,

Sisi wazima. Mvua imekata.

Nimepokea kifurushi. Nimepokea na mengine.

Kwanza nizungumzie waya, maana ndio ulioletwa mbele. Kwa nje sikatai, umependeza. Mtu kafunga vizuri, kaandika kwa wino usiofutika, hata Bi Mkubwa jina lake halijakosewa. Lakini mimi si mtu wa kudanganywa na nguo. Kabla ya kuchomeka nikavifungua vichwa, fundi hachomeki kitu asichokijua matumbo. Nikakuta nini? Nyaya zimevuka! Ya pili imekwenda kwa ya tatu, ya tatu imekwenda kwa ya pili, kama mtu aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nikamwonea huruma, nikasema labda mawazo yalikuwa mbali. Nikawasha chuma cha kuchomea risasi nikamnyooshea, ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu, nikafunga skrubu zangu, nikachomeka.

Hakuna kitu. Kimya. Nimeandika kwa Sanduku mpaka vidole vimeota moto, Bi Mkubwa kakaa tu kama mgeni asiyekaribishwa. Kinyozi ameshuhudia. Mteja wake ameshuhudia. Muuza magazeti naye kashuhudia na wala hakuitwa.

Basi sasa nami natoa neno langu. Mtu asiyeweza kutengeneza waya hawezi kutengeneza nyumba. Mbona wewe hulioni hilo? Au ameshakupima? Miaka yote umekaa kwenye kigoda changu, ukishika taa mimi nikitafuta springi iliyoruka. Nikisema "ile", unajua ile ipi. Siku hizi unasema na watu wa sahani na simu yako inapokelewa na wengine, na humu ndani nyumba nzima inajua mambo yako ila mimi, mimi naletewa kwa kifurushi pamoja na waya mbovu.

Bibi yako kanuna. Anasema nimefanya jambo la kitoto. Anaongea akiwa chumba kingine, basi na mimi sijibu.

Mwambie hivi huyo Bwana Mizani. Siku Bi Mkubwa akisema kwa waya wake ndiyo siku atakayopiga hodi hapa. Si kabla. Nimeapa mbele ya kinyozi.

Na bisibisi sijaiona.

Babu


Tarehe 2 Mei

Shikamoo Babu.

Bibi mpe shikamoo.

Waya haukuwa mbovu. Ulifika mzima, wewe ndiye uliyeunyoosha.

Unakumbuka kipande cha bomba la kumwagilia maji? Nilikuwa mdogo, mvua inanyesha, hakuna wateja. Wewe ulikaa mbele ya duka na ncha moja, mimi nyuma na ncha nyingine, tukawa tunapiga simu. Siku ya kwanza tuliweka sote midomo. Tukapiga kelele mpaka tukachoka na hakuna aliyesikia neno. Ukaja nyuma, ukachuchumaa, ukaniambia, "Mke wangu, mimi nikiweka mdomo, wewe weka sikio." Huyo ulikuwa wewe. Fundi wa mizani hakuwepo.

Vifungue tena vile vichwa.

Simu sikupigii tena na wala sikuulizi kwa nini. Nitaandika siku zote, hata nikiolewa, hata nisipoolewa. Lakini barua ijayo ni yako kwanza. Mimi nimenyamaza.

Mjukuu wako


Tarehe 4 Juni

Kwako mke wangu mdogo,

Salamu nyingi, nyingine ni za mwezi uliopita zilikosa pa kwenda. Mimi mzima. Bibi yako mzima, tunasemezana. Vifaranga wamekuwa kuku, paka sasa ndiye anayewaogopa. Fundi wa bati amekuja, paa halivuji tena hapo, linavuja pembeni yake.

Nimekawia kuandika kwa sababu nilikuwa kwenye utafiti. Nataka ujue kwamba nimegundua jambo mimi mwenyewe, kwa akili yangu, nimekaa tu hapa nikitazama Sanduku na Bi Mkubwa. Nimegundua kwamba mashine hizi nyaya zake lazima zivuke. Hili mafundi wengi hawalijui. Ya pili inakwenda kwa ya tatu. Nikakifungua kichwa kimoja cha ule waya wa kifurushi, nikachomea upya, kazi safi, risasi inang'aa kama jicho la samaki.

Nikachomeka, nikaandika kwa Sanduku. Bi Mkubwa akashtuka! Akaruka kama mtu aliyekanyagwa, akaanza kuchapa mwenyewe, tatata, kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu akaja mbio. Lakini ukisoma, hakieleweki kitu. Alama za mshangao, namba, nukta, herufi hazina mama wala baba. Nikasema haya ni matusi, yule bwana kayafungia ndani ya waya aje kunitukana dukani kwangu. Nilikuwa nimeshachukua kalamu nikuandikie.

Kumbe ni mwendo. Sanduku anasema mbio kama dalali, na Bi Mkubwa ni mama mtu mzima, anataka umtamkie neno likae. Mgongoni kwa Bi Mkubwa kuna swichi ndogo kama meno ya mtoto, nikazisoma kwa kidole, halafu nikampunguza Sanduku mpaka mwendo wa chini kabisa, wakalingana. Hilo nalo nimeligundua mimi.

Nikamwita bibi yako nikamwambia kaa hapa, andika chochote, mimi nakaa kwa Bi Mkubwa, nimempa mgongo. Bibi yako kama unavyomjua, kidole kimoja, anaitafuta herufi kama sindano iliyoanguka. Nikangoja. Bi Mkubwa akatikisika. Nikasoma karatasi:

CHAI IMEPOA NAKUITA TANGU ASUBUHI HUSIKII

Halafu nikachapa kwa Bi Mkubwa, nione kama kile kioo cha kijani kitaonyesha:

NALETA KIKOMBE

Nikasikia kicheko. Kicheko cha bibi yako nakisikia hata nikiwa nimelala.

Basi tumekaa hivyo mpaka kinyozi akafunga, tukiulizana mambo ya nyumbani. Kuna maneno mengi yalikuwa yameniruka, kumbe. Kumbe dada yake alikuja akaondoka. Kumbe alishaniambia.

Hayo si unayoyangoja, najua. Niliapa mbele ya kinyozi kwamba Bi Mkubwa akisema kwa waya wa yule bwana ndipo atapiga hodi. Kinyozi ana kumbukumbu mbaya kwa mambo yote ila viapo vya watu. Kila asubuhi ananiuliza, "Mzee, huo si waya wa mkwe?" Nimemjibu ni waya wangu. Akauliza, "Na yale maandishi ya wino?" Kichwa cha pili sikukifungua mara hii, kimebaki na maandishi yake.

Mwambie aje. Sijasema aje kuoa. Nimesema aje aone mashine.

Mimi mumeo, nimechoka ila bado ni mimi,
Babu


Tarehe 15 Juni

Shikamoo Babu wangu, shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisomea barazani mbele ya watu, nikacheka, nikalia, wakadhani nimepata msiba au nimepandishwa cheo. Hongera kwa ugunduzi. Sijawahi kusikia fundi aliyeligundua hilo la nyaya peke yake.

Atakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu na mjomba wake. Mimi sitakuja, wanasema si vizuri niwe nyuma ya pazia nikisikiliza, na mimi najijua ningesikiliza.

Kitu kimoja tu. Fundi wa mizani ana sauti ya chini. Hata mimi huwa namwambia rudia, na mkuu wa karakana humwambia rudia. Kwa hiyo usije ukashangaa.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Julai

Kwako wewe,

Salamu zako zipo mezani, Bibi kaongeza zake juu, zimekuwa nzito, ziinue kwa mikono miwili. Sisi wazima. Kuku mweupe analalia tena.

Walikuja. Mjomba mtu ana tumbo na maneno mengi, aliongea tangu mlangoni. Yeye mwenyewe ni mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake. Sura sikatai. Masikio makubwa kidogo. Wakakaa kwenye viti vya wateja, mjomba akasema na kusema, kijana akaulizwa akajibu, mimi nikaitikia kwa kichwa, "Eeh, eeh." Bibi yako akanifinya. Kumbe nilikuwa nimeulizwa nina umri gani.

Nikaona hapa nitaaibika, yaani watu wataaibika. Nikanyanyua mkono. Nikamwambia kijana: "Mimi na wewe hatutasema kwa mdomo. Umekuja kuona mashine. Kaa kwa Sanduku." Mjomba akataka kucheka, mwenzake akawa ameshakaa. Nami nikakaa kwa Bi Mkubwa. Kinyozi mlangoni, na mkasi.

Karatasi ninayo, lakini siitoi, kwa hiyo nakunakilia. Ya kwake nimeandika kwake, ya kwangu kwangu.

Yeye: SHIKAMOO BABU

Mimi: MARAHABA. NANI

Yeye: FUNDI WA MIZANI

Mimi: NAKUJUA. WAYA HUU KATENGENEZA NANI

Nilimwona kwa pembeni, anaukagua mpaka kwenye kichwa. Kichwa kile nilikifunga kwa skrubu zangu, kubwa kidogo, hata kipofu angeona. Akaandika:

Yeye: NI WAKO BABU. MIMI NILIKUSANYA NYAYA TU

Mimi: MWONGO. LAKINI UMELELEWA

Bibi yako alikuwa anasoma juu ya bega langu, akaanza kutikisika kwa kicheko, nikamwambia aondoke, akakataa.

Mimi: UNATAKA NINI

Yeye: NAMTAKA MJUKUU WAKO

Mimi: YULE NI MKE WANGU

Yeye: NAJUA. NDIYO MAANA NIMEKUJA KWA MUMEWE

Nilikuwa na jibu kali, lilikuwa limeshafika kidoleni. Sijui kiwiko changu kilifanyaje, kikagonga waya ukachomoka kwa Bi Mkubwa. Nikasema basi, imekatika, Mungu hakupenda. Kijana akapiga magoti chini ya meza na shati lake lile, akachomoa kitu mfukoni, akachomeka waya na kuukaza kwa skrubu pande zote mbili ili kiwiko cha mtu kisiupate tena.

Ilikuwa bisibisi yangu.

Nilimwangalia anavyoishika. Haikamati kwa ngumi kama watu wanaotoboa makopo. Anaisimamisha, anaipa uzito wa kidole cha juu, anazungusha kwa vidole viwili. Alipomaliza akaipangusa ncha kwenye kitambaa kabla ya kitu kingine chochote, ndipo akaniwekea mezani, mpini upande wangu. Nikaichukua nikaitazama ncha kwenye mwanga. Haina pengo wala uchafu. Wewe mwenyewe ulikuwa unainyima kupanguswa, nilikugombeza mpaka nikachoka.

Nikaona wivu pale, mke wangu. Nakwambia kweli, si ule wa mwanzo. Niliona wivu kwamba sikumfundisha mimi.

Nikamsogezea bisibisi arudishe mfukoni. Nikageuka kwa Bi Mkubwa nikaandika:

MCHUKUE. WAYA UBAKI

Kinyozi alipiga kelele mpaka nikasikia. Mjomba akauliza imekuwaje, lakini bibi yako alikuwa analia kwenye kanga na kijana bado anasoma kile kijani kama hakiamini. Walikula, wakashiba, wakaondoka kabla ya jua kuzama. Kijana aliponiaga aliniinamia sikioni akasema neno kwa sauti ya kawaida kabisa. Hana sauti ya chini. Mwongo mwingine ni wewe.

Basi wakaenda na duka likawa tupu. Mashine zilikuwa bado zinawaka. Nikakaa kwa Bi Mkubwa nikaandika, sijui kwa nini, labda kujaribu tu:

UPO

Kule kijani kikaonyesha UPO, na kigoda hakina mtu. Nikasema ndivyo itakavyokuwa sasa, zoea. Nikanyoosha mkono nizime. Bi Mkubwa akatikisika chini ya kiganja changu:

NIPO. CHAI

Bibi yako, na goti lake, alikuwa ameshakaa kwa Sanduku.

Nakuandikia huku nakunywa. Ya moto.

Mimi mumeo wa zamani,
Babu